Maji ya kisima cha mtaa yanatutia mashaka: sisi wananchi tuna nafasi gani kwenye mambo ya kitaalamu?

SWALI: Mtaani kwetu Mbagala wengi tunachota maji ya kisima kirefu cha mtu binafsi. Yanapandishwa kwenye simtanki, tunauziwa kwa ndoo. Tangu masika yaanze watoto wanaharisha, akipona huyu anaanza yule. Tulipolisema kwenye mkutano wa mtaa tukajibiwa kwamba hilo ni suala la kitaalamu, tuwaachie wataalamu. Kijana mmoja wa chuo anatushauri tuchangishane tupime wenyewe. Je, mwananchi wa kawaida ana nafasi gani kwenye sayansi? Na tukipima, tufanyeje ili tusipuuzwe? (Mama wa watoto watatu, Mbagala)

JIBU: Dada yangu, pole na kuuguza. Nitajibu yote mawili, ila kwanza watoto. Msingoje majibu ya kipimo chochote ndipo muanze kutibu maji ya kunywa. Yachemsheni mpaka yatokote kabisa, yapoe yakiwa yamefunikwa, au tumieni vidonge vya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mtoto anayeharisha apewe ORS (dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini), pakiti nzima kwenye maji safi ya kiasi kilichoandikwa juu yake (mara nyingi lita moja), pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajatimiza miezi sita. Akishindwa kunywa, akilegea, au choo kikiwa na damu, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na mtu yeyote akianza kuharisha choo kinachofanana na maji ya mchele, hiyo ni dalili ya kipindupindu. Mpelekeni kituoni na kumwarifu afisa afya papo hapo, bila kusubiri kikao.

Sasa nafasi yenu. Mliyojibiwa mkutanini yana ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowanyima haki. Kama maji yana vimelea vya kinyesi au hayana, hilo halipigiwi kura. Mtaa mzima ukinyoosha mikono kwamba maji ni safi, bakteria hawatapungua hata mmoja. Lakini yapo maswali mengine yaliyofungwa humo humo kwenye neno "kitaalamu" ambayo si ya mtaalamu peke yake. Kipimwe kisima kipi, na lini? Wasiwasi kiasi gani unatosha kusimamisha uuzaji? Kisima kikifungwa na maji ya boza ni ghali kuliko ya ndoo, nani atabeba gharama? Na tukikosea, tukosee upande gani: wa kumfungia biashara mtu asiye na kosa, au wa kuacha watoto waendelee kuugua? Hapo mwenye shahada ana sauti moja tu sawa na yako, kwa sababu wanaoumia kosa likitokea ni ninyi.

Tena lipo jambo ambalo mtaalamu hana njia ya kulijua bila ninyi, nalo ni swali lenyewe. Aliye ofisini haoni kwamba kuharisha kulianza wiki ileile mtaro ulipofurika, wala kwamba mfuniko wa simtanki ulipeperushwa na upepo ukabaki wazi. Nchi hii ina mfano wake. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingia kwenye jokofu ungali wa moto umeganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipouliza, mwalimu na wanafunzi wenzake walimcheka. Baadaye akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyewatembelea. Osborne hakumkubalia wala hakumkatalia. Alirudi chuoni akaagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Mpaka leo wanafizikia wanabishana juu ya matokeo yale, kwa kuwa hubadilika kulingana na chombo, kiasi cha maji na mahali kipimajoto kilipowekwa. Kwa hiyo kijana aliona jambo linalostahili kuulizwa, lakini jibu linategemea namna ya kupima. Shikeni yote mawili: haki ya kuuliza mnayo tayari, ila jibu lazima mlifanyie kazi.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na shida yenu. Aprili 2014 mji wa Flint, Marekani, ulihamishiwa maji ya mto bila kuwekewa dawa ya kuzuia kutu kwenye mabomba. Wakazi walilalamikia rangi na harufu wakaambiwa maji ni salama. Mama mmoja, LeeAnne Walters, hakukubali, akawasiliana na wanasayansi, na mwaka 2015 wakazi wakishirikiana na Profesa Marc Edwards wa Virginia Tech waligawiana vifaa vya sampuli 300, vikarudi zaidi ya 250. Madini ya risasi yalionekana wazi. Lililonivutia zaidi ni namna vipimo rasmi vilivyokuwa vimeyakosa: watu walielekezwa kufungulia maji yatiririke kabla ya kukinga, na sampuli mbili zenye risasi nyingi ziliondolewa kwenye hesabu. Risasi hutoka kwenye bomba, hivyo huonekana kwenye maji yaliyolala humo kwa saa sita au zaidi. Ukiyatiririsha kwanza, umeimwaga pamoja na ushahidi. Oktoba 2015 mji ulirudishiwa maji yake ya awali.

Kwenye bakteria wa kisima kanuni inageuka. Mkitaka kujua hali ya maji yaliyo chini ya ardhi, lazima myatiririshe kwanza ili msipime uchafu wa mdomo wa koki. Hakuna njia moja ya kuchukua sampuli inayofaa kwa kila swali, na ugomvi mwingi wa "vipimo vyenu si sahihi" huanzia hapa.

Kwa hiyo msianze na vifaa. Anzeni na karatasi moja inayoandikwa kabla ya kupima, mkiwa na mwenye kisima na afisa afya wa kata. Ndiyo, mwenye kisima awe wa kwanza kualikwa. Mkimpima kwa siri, siku ya majibu atasema mliichafua chupa wenyewe, na hamtakuwa na la kumjibu. Karatasi iseme mnauliza nini, mtachukua sampuli wapi, siku gani, nani atashika chupa, na matokeo gani yatawafanya kila upande ubadili msimamo. Mfano (E. coli ni bakteria wa kinyesi, na duru ni mara moja ya kuchukua sampuli zote): "Bakteria wa E. coli wakionekana kwenye koki ya kisima katika duru mbili au zaidi, mwenye kisima atakubali kusimamisha uuzaji wa maji ya kunywa mpaka parekebishwe. Wasipoonekana kwenye kisima wala simtanki katika duru zote nne, wakazi watakubali kwamba chanzo kitafutwe kwingine." Wekeni saini. Sentensi hiyo ya pili ni ngumu kuitia saini mtu akiwa na mtoto mgonjwa, lakini ndiyo inayowapa uzito, kwa sababu inaonyesha mlikuja kutafuta jibu.

Kabla ya kupima pia zungukeni kisima kwa macho. Ukaguzi huu hauna gharama, na mara nyingi hueleza zaidi ya chupa. Sakafu ya saruji ina ufa? Maji yaliyomwagika yanatuama kando ya kisima? Bomba la kisima linapoingia ardhini limezibwa vizuri, au kuna uwazi? Kuku na mbuzi wanafika? Choo cha shimo cha karibu kiko umbali gani, na je, kiko upande wa juu wa mteremko? Pimeni kwa futi kamba, msikadirie. Kanuni inayotumika sana ni angalau mita 30 kati ya choo na chanzo cha maji, japo kwenye udongo wa kichanga unaopitisha maji haraka hata hizo si dhamana. Mtaani kwenu viwanja vimebanana, kwa hiyo msishangae mkikuta mita nane. Pigeni picha.

Sampuli zenyewe. Kosa la kawaida kuliko yote ni kupima ndoo ya nyumbani kisha kukilaumu kisima. Maji yanaweza kutoka ardhini yakiwa safi yakachafukia kwenye simtanki, au yakatoka kwenye simtanki safi yakachafuliwa na kopo linalotumbukizwa na mkono. Chukueni sehemu tatu: koki iliyo karibu kabisa na kisima kabla ya simtanki, koki wanayochotea wateja, na ndoo za kunywea za nyumba sita. Kwenye zile koki mbili chukueni chupa mbili mbili, ili muone kama kipimo kinajirudia. Ongezeni chupa moja ya ukaguzi: maji ya dukani ya chupa ambayo haijafunguliwa, mkayamimine kwa utaratibu uleule mahali palepale. Chupa hiyo ikileta bakteria, mikono au vyombo vyenu vimechafua na duru hiyo inafutwa. Jumla ni sampuli 11 kwa duru. Fanyeni duru nne: mbili ndani ya siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, mbili baada ya siku saba au zaidi za jua. Jumla 44.

Utaratibu kwenye koki ni huu. Nawa mikono kwa sabuni. Ondoa mpira au kipande cha bomba kilichovalishwa kwenye koki, maana ndani yake mna utelezi uliojaa bakteria. Futa mdomo wa koki kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70, acha ikauke. Fungulia maji yatiririke dakika mbili hadi tatu, pampu ikiwa imewashwa. Fungua chupa safi ya maabara bila kugusa mdomo wake wala ndani ya kifuniko, na kifuniko usikiweke chini, kishike kikitazama chini. Jaza, ukiacha nafasi ya vidole viwili juu, funga. Kama maji yamewekwa klorini, iambieni maabara mapema iwape chupa yenye dawa ya kuizima. Bila hivyo klorini itaendelea kuua bakteria njiani na majibu yatakuja masafi kuliko maji mnayokunywa.

Kwenye ndoo za nyumbani usifute chochote. Mwambie mwenye nyumba akupe maji kama anavyompa mtoto, kwa kopo lilelile na mkono uleule. Hapo ndoo na kopo ndivyo unavyovipima.

Andika lebo kwa kalamu isiyofutika kabla ya kujaza, maana kwenye chupa iliyolowa haishiki. Weka chupa kwenye kibebeo chenye barafu, kifunikwe. Maabara ipokee ndani ya saa sita, na zaidi ya saa 24 sampuli imeharibika. Kwa foleni ya barabara ya Kilwa, kinga saa 12 asubuhi ili saa 4 muwe mmefika. Bakteria huoteshwa kwa saa 24 hadi 48, kwa hiyo msipeleke Ijumaa bila kuuliza kama kuna mtu wa kusoma majibu wikiendi. Hapa mjini ulizieni maabara ya Wizara ya Maji, ya Mkemia Mkuu wa Serikali au ya Chuo Kikuu Ardhi. Ombeni bei kwa maandishi kabla ya kuchangishana.

Fedha zikiwa haba, sampuli chache za maabara zinaweza kusindikizwa na vipimo vya mtaani. Kipo kifuko cha plastiki chenye vyumba vitano vya mililita 1, 3, 10, 30 na 56, jumla 100: unachanganya maji na dawa yake, unayamimina, na vyumba vyenye E. coli hugeuka bluu ya kijani. Muda wa kusubiri kabla ya kusoma hutegemea joto la mahali kifuko kilipowekwa, kwa hiyo fuata maelekezo ya pakiti. Kwa mfano, pakiwa na nyuzi 25 hadi 30, subiri saa 40 hadi 48. Msikiache juani wala juu ya friji yenye moto. Kipo pia kichupa chenye karatasi ya dawa kinachogeuka cheusi, cha bei ndogo zaidi. Hicho ni cha kuchuja tu: maji ya kisima yenye harufu ya mayai viza ya asili yanaweza kukifanya cheusi kwa dakika chache pasipo bakteria wowote. Na vyote viwili, vikishasomwa, vimejaa vimelea vilivyooteshwa. Vitieni klorini kabla ya kutupa, watoto wasivifikie.

Kiwango ni rahisi kukumbuka. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na E. coli hata mmoja katika mililita 100. Ongezeni na kipimo cha naitreti (kemikali inayoyeyuka kwenye maji), kwa sababu vyoo vya shimo na mashimo ya maji taka huipandisha, na ni hatari kwa wachanga wanaokorogewa maziwa ya kopo. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita. Soma lebo kwa makini hapa: vijiti vya kupimia na maabara nyingine huandika naitreti kama naitrojeni, na hapo miligramu 11 ndizo zinazolingana na zile 50. Ukichanganya vipimo hivi viwili utatangaza hatari isiyokuwepo, au utaificha iliyopo. Kuchemsha hakuondoi naitreti wala chumvi. Maji yanapungua, vyenyewe vinabaki.

Majibu yakija, yasomeni kwa kufuata njia ya maji. Kisima safi, simtanki chafu: tatizo ni mfuniko, tope la chini, kinyesi cha ndege na mijusi. Simtanki lisuguliwe, lijazwe maji yenye klorini ya unga ya asilimia 65 hadi 70, gramu 75 kwa kila lita 1,000, likae saa 12, kisha maji yote yamwagwe, wala yasiuzwe. Kazi hiyo isimamiwe na afisa afya. Kisima na simtanki safi, ndoo chafu: ndoo yenye koki na mfuniko itasaidia kuliko kumfukuza muuza maji. Kisima kichafu baada ya mvua tu: maji ya juu yanaingia kupitia ufa au uwazi kandokando ya bomba, na fundi anaweza kuziba. Kisima kichafu mvua na jua: hapo maji ya ardhini yenyewe yameingiliwa na vyoo, na simenti haitaponya kitu.

Tahadhari juu ya majibu masafi. Sampuli kumi zikiwa safi zote, bado inawezekana kisima kinachafuka karibu siku tatu katika kila kumi na hamkubahatika kuzikuta. Zikiwa 30 safi, uwezekano unashuka hadi kama siku moja katika kumi. Kanuni ni kugawa tatu kwa idadi ya sampuli. Ndiyo maana duru moja ya Jumamosi, hata ikiongozwa na profesa, haimalizi ubishi.

Mtataka pia kuonyesha kwamba wanaokunywa maji ya kisima ndio wanaougua. Hapa watu huteleza kwa kwenda kwenye nyumba zenye wagonjwa tu, na ukitafuta wagonjwa utawapata. Chukueni orodha ya kaya kwa wajumbe wa nyumba kumi, gawanyeni makundi mawili: wanaokunywa ya kisima na wanaokunywa ya bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji. Andikeni namba kwenye vikaratasi, vichanganywe kwenye ndoo, achote mtoto. Mkikuta nyumba imefungwa rudini jioni, msihamie ya jirani, maana nyumba zenye mtu mchana ndizo mara nyingi zenye mtoto mgonjwa. Ulizeni juu ya siku saba zilizopita, si mwezi mzima, kumbukumbu hufifia. Kuharisha maana yake choo chepesi mara tatu au zaidi ndani ya saa 24. Na ulizeni ugonjwa kwanza, maji baadaye. Mama akishajua mnakishuku kisima, atakumbuka zaidi.

Idadi ina maana kubwa. Tuseme nyumba 40 za kisima zina 12 zenye mtoto aliyeharisha, na 40 za bomba zina 6. Inaonekana mara mbili, tena wazi. Lakini tofauti ya ukubwa huo inaweza kujitokeza kwa bahati tu angalau mara moja katika kila mara kumi, hata kama maji hayana kosa. Uwiano uleule ukipatikana kwenye nyumba 120 kwa 120, yaani 36 kwa 18, bahati peke yake ingeleta jambo hilo chini ya mara moja katika mia. Kijana wenu wa chuo awafanyie hesabu hiyo, na aonyeshe alivyoifanya. Bado haitakuwa imethibitisha kila kitu: huenda wenye bomba wana kipato zaidi, vyoo bora na sabuni. Ulizeni na hayo.

Kuhusu mipaka ya sheria. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa juu ya mambo muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inatambua haki ya kuishi kwenye mazingira safi, salama na yenye afya. Kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ofisi ya umma mkiiandikia inatakiwa kujibu ndani ya siku 30, kwa hiyo iandikieni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu kuomba nakala ya kibali cha kisima hicho, taarifa ya kina chake na ya vipimo vilivyowahi kufanywa. Watu wengine bado wanaogopa Sheria ya Takwimu kwa sababu ya marekebisho ya 2018. Marekebisho ya 2019 yaliondoa adhabu ya jinai kwa kuchapisha takwimu zisizo za serikali. Hata hivyo ziiteni kwa jina lake: vipimo vya wakazi, wala si takwimu rasmi. Msichukue damu, choo wala mkojo wa mtu. Huo ni utafiti wa afya unaohitaji idhini ya maadili, ambayo kitaifa husimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Na mkikusudia kuchapisha habari za kaya kama utafiti, mshirikisheni mtafiti wa chuo mapema aombe idhini. Kila kaya iombwe ridhaa, majina yasitoke nje ya daftari, na majibu ya ndoo ya mtu apewe yeye kwanza, faraghani.

Daftari liwe moja, la karatasi zilizoshonwa. Tarehe, saa, sehemu, mvua ya siku tatu zilizopita, jina la aliyekinga, jina la shahidi. Kosa likatwe kwa mstari mmoja unaoacha namba ya zamani ikisomeka, lisifutwe. Kila ukurasa upigwe picha siku hiyohiyo na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa ambamo mwenye kisima naye yumo. Matokeo yote yaandikwe, hata yasiyowapendeza. Mkiondoa moja mtakuwa mmefanya yaleyale ya Flint.

Kisha andikeni ukurasa mmoja tu. Juu, mlichouliza. Katikati, jedwali la duru nne. Chini, mambo matatu mnayoomba na tarehe ya kila moja. Wakati wa kupeleka, usiende peke yako wala usitegemee maneno ya mdomo: barua kwa mtendaji wa mtaa, nakala kwa mwenyekiti, mtendaji wa kata, afisa afya wa Manispaa ya Temeke, diwani na bodi ya bonde. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Ombeni iwe ajenda kwenye mkutano wa mtaa na hakikisheni mwandishi wa muhtasari ameandika majibu mliyopewa na jina la aliyeyatoa. Mkutanoni msiseme "maji haya yanaua watoto" kama mlichonacho ni E. coli kwenye simtanki baada ya mvua. Semeni hicho hicho. Kinatosha, na hakuna atakayekivunja.

Inawezekana sana manispaa ikaja kupima na majibu yake yakapingana na yenu. Msikasirike wala msirudi nyuma. Ombeni sampuli ya pamoja: koki ileile, dakika ileile, chupa mbili zikikingwa kwa kupokezana, nusu huku nusu kule, mpaka zijae. Moja iende maabara yao, nyingine yenu, fomu zote mbili zikiwa na saini ya kila upande na saa ya kukinga. Na ifanyike baada ya mvua kubwa, kama karatasi yenu ya kwanza ilivyosema.